Taa ya Flashi Bado Inapepesa

Nahariri video za harusi hapa Tanga. Zamani, mstari wa kunakili ukijaa, kwangu kazi ilikuwa imekwisha. Aliyenibadilisha ni fundi mmoja wa kompyuta. Alikuwa akitumia Linux, akanakili faili la gigabaiti 3 kwenye flashi, na mstari ukajaa haraka kuliko nilivyotarajia. Akanionyesha kwa kidole taa ya flashi: bado inapepesa. Akaandika amri ya sync, na kompyuta ikakaa muda mrefu bila kumjibu. Wakati wote huo video ilikuwa ingali inahama kutoka RAM, ambako hurundikwa kwanza ili mtumiaji asisubiri.

Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, imeipunguza sana tabia hiyo kwa diski za nje, lakini kuchomoa faili likiwa linaandikwa bado ni hatari.

Kilichoniingia zaidi ni kujua kinachoharibika. Diski hutunza orodha ya mahali kilipo kila kipande cha faili, kama daftari la bohari. Ukikatiza, orodha na mzigo havilingani: jina unaliona, ukubwa unauona, video haifunguki. Mfumo wa faili wa NTFS huandika kumbukumbu ya mabadiliko, kwa hiyo orodha hurekebishika, ingawa video yenyewe haikingwi. Mifumo ya FAT32 na exFAT haina kumbukumbu hiyo. Nasi exFAT hatuikwepi, maana FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na wateja wengine wana Mac, ambayo kwa kawaida haiandiki kwenye NTFS.

Siku hizi nanakili kwa laptopu yenye chaji, umeme ukatike usikatike. Diski kubwa za kuzunguka nazichomeka moja kwa moja kwa waya mfupi, kwani tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500 tu, na diski huhitaji nguvu zaidi inapoanza kuzunguka. Natoa kwa usalama, nachomeka upya, ndipo nalinganisha alama za SHA-256 zinazokokotolewa kutoka faili asilia na nakala. Bila kuchomeka upya, kompyuta yaweza kunisomea ile iliyobaki kwenye RAM, nikaridhika bure.

Wapo wateja wanaoona nawachelewesha. Nawaambia: humu mna sauti ya babu akimuusia bi harusi, na siku ile haitapigwa picha tena. Nakala ya pili hubaki kwangu mpaka waitazame yao nyumbani, kwenye runinga yao, mwanzo hadi mwisho.