Pittsburgh, Mji Usikilizao Anga
Ukifika Pittsburgh, Marekani, mahali mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuzaa mto Ohio, utasimuliwa sifa za viwanda vyake vya chuma cha pua. Aghalabu hutasimuliwa habari za madaktari wa chuo kikuu cha mji huo wahudumiao wagonjwa walio angani. Abiria akizimia, wahudumu wa ndege humweleza daktari hali yake. Daktari hushauri, rubani huamua kutua ama kuendelea. Katika dharura 11,920 za mashirika matano ya ndege, tangu 2008 hadi 2010, ni asilimia 7.3 tu zilizokatiza safari. Basi, dawa zako ziwe mkononi, si shehenani. Wala usione haya kueleza maradhi yako mapema. Daktari yule hakuoni. Hutegemea usemi wako.