Ukoga mweusi kwenye tangi la samaki: anza na maji, dawa baadaye

Leo tumzungumzie adui mdogo anayewakosesha raha wenye matangi ya samaki majumbani: ule ukoga mweusi unaoota kwenye kingo za majani kama ndevu. Ukiuvuta hautoki. Ukiusugua kwa mswaki, jani linachanika na ukoga unabaki. Wengi wakifika hapo huwagawa samaki, na tangi likageuzwa la kuwekea maua ya plastiki.

Sisi ndugu wawili tulikuwa na sababu ya kutokubali. Tangi letu ni la mama. Mama amelima mwani Jambiani tangu kilimo hicho kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, mpaka miguu ikakataa kusimama majini. Tulipomleta mjini kuishi nasi alikuwa mkimya, mtu aliyezoea kazi sasa hana la kufanya. Ndipo tukamwekea ukumbini tangi la lita 100, tukapanda anubiasi na kangaga la Java, tukatia gapi kumi. Mama akaanza tena kuzungumza. Kila baada ya alasiri hukaa hapo, akawapa samaki majina, akatusimulia ya bamvua na maji kupwa. Kwa hiyo ukoga ulipofunika majani na mama akaanza kugeuza kiti chake upande wa pili, kwetu halikuwa tena jambo la pambo la nyumba.

Kwanza tuujue. Kwa macho ni mweusi, lakini wataalamu wanauweka kwenye kundi la mwani mwekundu, kundi lile lile la spinosamu na kotonii wanazolima kina mama wetu. Mama alipoambiwa hivyo alicheka sana: "Kumbe nimeuacha baharini, ukanifuata mpaka ukumbini!"

Tuliowauliza walituambia tununue chupa ya dawa. Tukasoma kilichomo. Nyingi kati ya zile zinazoitwa kaboni ya maji zina glutaraldehidi, kemikali ambayo hospitalini husafishia vifaa kuua vijidudu. Mvuke wake unawasha macho na kifua. Ukumbi wetu ni mdogo, na mama anakaa hatua moja kutoka kwenye tangi. Hiyo tukaiacha dukani.

Mama naye alikuwa na lake. "Mwani ukiharibika shambani," alisema, "hatuulizi dawa. Tunauliza maji yamekuwaje." Shambani maji yakizidi joto mwani hugeuka mweupe na kukatika, na mkulima lazima ajue ni bahari iliyobadilika au ni kamba zake. Basi akakaa siku nzima analitazama tangi. Jioni akatuambia: "Jua limehama."

Kweli. Dirisha letu linatazama kaskazini. Wakati wa kaskazi jua liko kusini ya kisiwa, ukumbi una kivuli. Kikiingia kipindi cha kusi, jua linahamia upande wa kaskazini, na asubuhi na jioni mwanga wake ulikuwa unaingia moja kwa moja hadi kwenye kioo. Ukijumlisha na taa ya tangi, majani yalipata mwanga kuliko yanavyoweza kuutumia, na mwanga unaobaki anaula ukoga. Juu ya hapo, umeme ukikatika chujio husimama na uchafu unatulia. Na wajukuu walikuwa likizo, kila apitaye anawatilia gapi chakula. Chakula kisicholiwa kinaoza, nacho ni mbolea ya ukoga.

Basi tulifanya hivi. Dirisha tulilitundikia pazia zito, na taa tukaifungia saa ya swichi iwake saa 6 tu kwa siku. Majani yaliyofunikwa sana tuliyakata. Anubiasi hukua polepole, jani moja hukaa muda mrefu, ndiyo maana ukoga hulipenda. Pembeni tukapanda valisneria, mmea unaokua haraka na kula mbolea ile kabla ya ukoga. Unastahimili maji magumu, na maji yetu ya visima vya mawe ya chokaa mnayajua, tazameni tu ndani ya birika.

Kila wiki tunabadilisha maji theluthi moja. Maji ya bomba tunayaacha ndooni usiku kucha ili klorini iondoke. Sifongo ya chujio tunaikamua ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu klorini ya bombani huua bakteria wazuri wanaosafisha tangi. Na kopo la chakula likakabidhiwa mama peke yake: mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Wajukuu sasa wanaomba ruhusa kwake.

Baada ya wiki mbili za hayo ndipo tulipotumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Tulizima chujio, tukachukua mililita 20 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tukanyunyiza polepole juu ya ukoga wenyewe, tukangoja dakika kumi, tukawasha chujio. Kesho yake tukabadilisha maji. Tafadhali msichukue ile ya saluni ya kupaka rangi nywele, ina nguvu zaidi. Na mwenye kamba wadogo tangini awahamishe kwanza.

Siku ya tatu ukoga uligeuka waridi, dalili kwamba umekufa. Samaki wote walikuwa wazima. Lakini tuseme wazi, peroksaidi iliua uliokuwepo tu. Kilichozuia mwingine kuota ni pazia, saa ya swichi, ndoo ya kila wiki na mkono wa mama kwenye chakula. Ilichukua kama miezi miwili mpaka majani mapya yakatoka safi. Kwenye bomba la chujio umebaki kidogo, na mama amesema tuuache, haumdhuru mtu.

Kwa hiyo mwenye tangi lenye ukoga, kabla ya kutoa pesa, kaa nalo siku moja kuanzia asubuhi. Angalia jua linaingilia wapi, nani anatia chakula, umeme unakatika saa ngapi. Ukipata jibu, badilisha hilo kwanza, kisha lishike kila wiki bila kuruka. Sisi jua likirudi kusini tutalifungua pazia, na mama ndiye atakayetuambia lini.