Mzigo wa Watu Wawili

Amplifaya ya besi niliyoitumia kwa miaka mingi haikubebeka na mtu mmoja. Ilikuwa ya valvu, zile chupa za kioo za kukuza sauti, ya ukoo ulioanzishwa na Ampeg SVT mwaka 1969: wati 300, valvu 14, uzito unaokaribia kilo 40. Hapo hujagusa kabati lake la spika nane za inchi kumi, ambalo peke yake linapita kilo 60. Rolling Stones walizunguka Marekani na mitambo hiyo mwaka huohuo, nao walikuwa na watu wa kuwabebea. Sisi wa bendi za dansi tulibeba wenyewe.

Upande wa pili alishika mpiga tumba wetu. Tulishazoeana mwendo: yeye anapanda ngazi za ukumbi kinyumenyume, mimi namwelekeza mguu kwa mguu, "bado moja, bado moja, hapohapo." Tukishafunga vyombo nawasha, lakini valvu haitoi sauti papo hapo, mpaka ipate moto. Vumbi lililolala juu yake linaanza kunuka, na mwanga wa rangi ya chungwa unaonekana kupitia wavu wa nyuma. Katika kungoja huko tuliulizana habari za nyumbani. Mengi ninayoyajua kuhusu maisha yake, mtoto aliyekataa shule, shamba la mama yake, niliyasikia hapo kabla ya noti ya kwanza.

Alitangulia mbele ya haki. Mgongo wangu nao ukaanza kudai, daktari akanikataza kunyanyua. Nikanunua amplifaya ya klasi D. Haifiki kilo tatu, inaingia kwenye mkoba pamoja na waya zake, na kwa wati inaipita ile ya zamani.

Wepesi huo una sababu. Kilo nyingi za mtambo wa valvu ni za transfoma, moja ya kupandisha umeme hadi mamia ya volti, nyingine ya kuziunganisha valvu na spika. Ni chuma na shaba tupu. Klasi D huwasha na kuzima transista mara laki kadhaa kwa sekunde, umeme kidogo tu hupotea kuwa joto, na umeme wake nao huandaliwa kwa kuwasha na kuzima vivyo hivyo, hivyo transfoma yake hutoshea kiganjani.

Nilichohofia ni sauti. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati wimbi ghafla. Hulikunja taratibu, na besi hunenepa bila kupiga makelele. Nimeona kwamba sehemu kubwa ya utamu huo hubaki, mradi uchague vizuri. Hii mpya ina valvu moja ndogo, 12AX7, katika hatua ya mwanzo. Naisukuma mpaka inapotaka kukwaruza, kisha narudi nyuma kidogo. Twita ya kabati, kile kispika cha sauti nyembamba, nimeizima, maana makabati yale ya zamani hayakuwa nayo. Kitu kimoja sijakipata: bendi nzima ikichachamaa, mtambo wa zamani ulilegea kidogo chini ya vidole kisha ukanyanyuka tena na wewe. Hicho kimekwenda.

James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown, hutajwa kila wanapozungumziwa wenye besi tamu. Klabuni alitumia Ampeg B-15, lakini katika studio ya Motown kule Detroit besi yake kwa kawaida iliingia moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia, bila amplifaya. Sauti ile ilitoka kwenye kidole chake cha shahada na nyuzi kuukuu asizopenda kuzibadilisha. Alifariki mwaka 1983, gitaa lake likiwa limeibwa muda mfupi kabla. Nikimsikiliza, naacha kuzililia valvu.

Ninapojisikia mpungufu ukumbini, basi, sababu si sauti. Naingia peke yangu, mkoba begani, nabonyeza, na punde si punde inalia. Vijana wa bendi wananiamkia vizuri na kuniita mzee, lakini hakuna kinachowafanya wanisogelee kabla ya muziki kuanza, wala mimi sina la kuwaitia. Uzito ule ndio uliotukutanisha mimi na marehemu. Nisingemjua kwa kupiga naye tu. Jukwaani kila mtu ana kazi yake.

Mtambo wangu mkubwa nimewapa vijana wenye studio. Nawasihi wenzangu ambao yao imelala stoo kwa sababu ya uzito: msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaotaka shaba ya transfoma. Wala msiifungue wenyewe, kwani kapasita zake zinaweza kushika umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ipelekeni kwa fundi anayezijua valvu aipime, kisha itafutieni studio au ukumbi ambamo itakaa mahali pamoja na kupigiwa.