Okidi juu ya mwembe

Katika ua wetu hapa Lubumbashi kuna mwembe, na kwenye tawi lake la chini marehemu mke wangu alikuwa amefunga okidi. Aliiokota porini, juu ya mti uliokatwa kwa ajili ya makala. Wataalamu huiita Ansellia africana: mashina yake yafanana na miwa myembamba, na maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui. Hakuihangaikia sana, nayo ilichanua kila mwaka kiangazi kikielekea mwisho.

Alipofariki, niliogopa kwamba hiyo nayo itapotea. Niliishusha, nikaipanda katika ndoo ya udongo mweusi, nikaiweka barazani kivulini, nikaimwagilia maji kila jioni. Mimi ni mwalimu. Nimezoea kuamini kwamba bidii hushinda. Kwa miaka miwili haikutoa hata ua moja. Kisha majani yakaanza kuanguka, na udongo ukatoa harufu ya kuoza.

Mzee mmoja aliyetuletea gunia la makala aliitazama, akasema: «Mwalimu, hii haiishi udongoni. Unaizamisha.»

Alisema kweli. Okidi ya namna hii hushika mti bila kuunyonya. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe mfano wa sifongo, lifyonzalo mvua upesi na kukauka kwa upepo. Ikikaa majini hukosa hewa, ikaoza.

Mimi na binti yangu tuliing'oa. Kwa kisu kilichopitishwa motoni tulikata mizizi yote iliyolainika, tukaacha majeraha yakauke siku chache. Sehemu nzima haikufika nusu. Tuliifunga tena kwa kamba juu ya mwembe, upande upatao jua la asubuhi, maana majani ya kijani kizito mno ni alama kwamba mwanga hautoshi. Wakati wa masika tuliiachia mvua kazi yake. Ilipokatika siku kadhaa, tuliinyunyizia asubuhi. Mashina mapya yalipokomaa na kiangazi kuingia, tulipunguza maji, tukatoa kidogo tu mashina yalipoanza kunywea. Pasipo ukavu huo, hukuza majani, lakini maua huwa adimu.

Kiangazi cha kwanza kilinitesa. Kila jioni mkono wangu ulitafuta kopo. «Baba, iache,» binti yangu aliniambia. Mwaka uleule alikuwa ameomba kwenda kusoma Kolwezi, nami nilikuwa nimekataa, nikisema nyumba itakuwa tupu. Jioni hiyo niliweka kopo chini, na hatukuzungumza tena juu ya okidi. Tulizungumza juu ya Kolwezi.

Mwezi wa Septemba wa mwaka uliofuata, shada moja la maua lilitokea. Nilimpigia simu huko aliko.

«Uliimwagilia, Baba?»

«Hapana, mwanangu. Niliitazama tu.»