Kusindikizana

Kwa desturi ya watu wetu wa Biharamulo na Ngara, mgeni haagwi mlangoni. Mwenyeji hutoka naye, humbebea mzigo, hutembea naye hadi njia panda au mtoni, na ni huko ndiko maneno mazito husemwa. Siku hizi vijana huiona desturi hii kuwa ni kupoteza muda, kwani pikipiki humchukua mgeni uani na kutoweka naye. Sisi wanne wa Kaniha, tulioanza darasa la kwanza pamoja, hatukubaliani nao.

Tulikuwa tumekwenda Rusumo kwa siku tatu. Mmoja wetu anapotewa na nuru ya macho, naye amekwisha kubali kuhamia Mwanza kwa bintiye. Alitaka kuyaona maporomoko ya mto Kagera angali anaweza. Tulipoanza kumweleza jinsi maji yalivyo, alitunyamazisha: “Niacheni nitazame mwenyewe.” Basi tukanyamaza. Siku hizi mto ule huzalisha umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana. Lakini watu wa umri wetu hatuwezi kulitazama daraja la pale bila kuukumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikageuka mji wa mahema. Wale hawakuagwa na mtu, wala hawakusindikizwa.

Asubuhi ya kurudi tulibishana mno juu ya mambo madogo: nani alipe chai, nani akae dirishani. Msomaji mtu mzima atafahamu tulikuwa tukikwepa kusema nini.

Barabara ya kuelekea Lusahunga hupita porini. Kwa miaka kadhaa baada ya 1994, ujambazi ulikithiri hata magari yakawa yakienda kwa msafara, yakilindwa na askari wenye bunduki. Huko nako kuliitwa kusindikizwa! Safari hii tulipita madirisha wazi, wawili wetu wakikoroma, na yule mwenzetu akiuliza kila mara tumefika wapi, ingawa alikuwa akitangulia kutaja jina la mahali kabla hatujamjibu.

Tuliposhuka, nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu. Tukamfikisha hadi penye migomba yake. Hakuingia. Alisema sisi ndio tuliotoka kwetu kwenda kumtembeza, kwa hiyo sisi ni wageni, na ni juu yake kutusindikiza. Akatutoa hadi njia panda. Jua lilikuwa likitua, nasi tulijua kwamba jioni haoni kitu. Tukageuka naye tukamrudisha. Penye migomba akakataa tena. Mkubwa wetu, ambaye si mtu wa kulia, alimshika mkono akamwambia kuwa Jumapili tutampeleka wote watatu mpaka Mwanza, hata kama nauli itatubidi kuuza mbuzi. Naye akajibu kwamba mtu akisindikizwa mpaka mwisho wa safari, huyo hakusindikizwa bali amehamishwa.

Tungali tukilijadili jambo hilo, mkewe akatokea na taa mkononi. Alitutazama mmoja mmoja, akasema chakula kinapoa, tuingie sote.