Kidonge cha sipro na maziwa ya futari

Hapa Nkome, kando ya Ziwa Victoria, futari nyingi hukamilishwa kwa maziwa mgando. Sisi wa kamati ya msikiti huyapokea kutoka kwa ndugu zetu wafugaji kwa shukrani, na hatuna ugomvi nayo. Tunachohofia ni kidonge kinachomezwa pamoja nayo.

Mzee mmoja wa jamaa yetu aliandikiwa siprofloksasini kwa homa ya matumbo. Alimaliza dozi, kila kidonge kwa bilauri ya mgando, na homa ikamrudia. Majirani wakasema dawa ni bandia. Mfamasia alimwuliza kwanza alikuwa akimezea nini.

Madini ya kalisiamu yaliyomo katika maziwa hushikamana na dawa hii tumboni, isiweze kupenya kuingia katika damu. Maziwa matupu huweza kupoteza takriban theluthi ya dozi. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huzidi hapo, zikaizuia karibu yote; na vidonge vya kuongeza damu vina madhara ya namna hiyo. Kiasi kinachobaki huenda kisiviue vijidudu, bali kikavizoeza dawa.

Mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana, nasi hatuoni ushujaa wowote katika kuikataa. Lakini aliyekubaliwa na daktari kufunga, na ameze kidonge kwa maji wakati wa futari, maziwa ayanywe baada ya Tarawehe, kisha kidonge cha daku nacho kwa maji. Kanuni ni hii: dawa itangulie madini hayo kwa saa 2, au iyafuate baada ya saa 6. Usiku wetu wa huku karibu na ikweta unatosha.

Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi asinyamaze dukani, kwani sukari yaweza kushuka ghafla, hasa akiwa amefunga. Mwenye kifafa naye aseme. Kahawa ipunguzwe, maana dawa hii huikawiza mwilini, moyo ukaenda mbio na usingizi ukatoweka.

Kwa wavuvi wetu kuna jambo jingine. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwamba dawa za jamii hii huweza kukata kano, hasa ya kisigino, na hatari huongezeka kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia prednisoloni. Anayeumwa kisigino au bega akiwa katika dozi asivute nyavu. Aache kidonge kinachofuata, amwone daktari siku hiyohiyo.