Vibuyu Sita vya Sakai

Karakana inanukia pamba iliyolowa. Nimefika Sakai, mji ulio kusini kidogo ya Osaka, asubuhi yenye baridi, na kabla sijavua viatu macho yameshakwenda darini: majora ya kitambaa yameanikwa huko juu, yanashuka karibu yaguse sakafu. Hapa hutiwa rangi tenugui, vitambaa vya pamba vya kujifutia ambavyo Wajapani wamevitumia kwa karne nyingi. Te ni mkono, nugui ni kufuta. Kimoja kina upana wa sentimita 35 hivi na urefu wa sentimita 90.

Fundi ni mzee aliyejifunga tenugui kichwani. Alitandaza kitambaa cheupe, akalaza juu yake fremu yenye karatasi ngumu iliyotobolewa mchoro, akapitisha ubao wenye rojo zito. Rojo likashika pale tu ambapo rangi haitakiwi. Akainua fremu, akakunja kitambaa, akapaka tena. Akakunja, akapaka, mpaka jora zima likawa tabaka juu ya tabaka, tenugui zaidi ya 20 kwa mpigo.

Kwenye meza ya pili alijenga kingo za rojo kuzunguka mchoro, rangi zisichanganyikane, akashika birika mkono huu na birika mkono huu. Akamimina buluu na nyekundu, huku mguu ukikanyaga pedali. Chini ya meza pampu ilifyonza, rangi ikazama tabaka zote. Akaligeuza furushi, akamimina upande wa pili. Ufundi huu huitwa chusen, na ulizaliwa Osaka katika enzi ya Meiji, iliyokwisha mwaka 1912. Kwa kuwa rangi humiminwa pande zote mbili, tenugui ya namna hii haina nyuma wala mbele.

Rojo liliposuuzwa, vikajitokeza vibuyu. Nikavihesabu: sita. Binti aliyekuwa akinifasiria akaniambia nisikilize. Sita ni mu, kibuyu ni hyo; ukiviunganisha unapata mubyo, yaani bila ugonjwa. Rafuni palikuwa na tenugui yenye mchoro wa bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa, wenye nyumba hukosa usingizi. Kwa Wajapani ni ndege wa heri, kwa kuwa jina lake, fukuro, husikika kama "bila taabu". Pembeni yake, korongo na kobe waliobeba dua ya maisha marefu.

Nikazikumbuka kanga za nyumbani, ambazo katikati ya karne ya 20 nyingi zilichapwa na viwanda vya Japani hii hii. Kanga husema kwa jina lililoandikwa. Tenugui husema kwa fumbo la sauti, na anayetaka dua sharti aifumbue kwanza. Zote mbili zinakataa kuwa kitambaa tu, nami naziheshimu kwa hilo.

Kitu kimoja kilinitatiza. Doti ya kanga ukishainunua hukatwa, ikapindwa. Tenugui huachwa ncha zake mbili bila pindo, nyuzi zikichomoza. Mzee alinionyesha kwa vidole: pasipo pindo maji hayatuami, kitambaa hukauka upesi, na ukijikata, unakichana kwa mkono na kufunga kidonda. Nyuzi hutoka mara chache za mwanzo kitambaa kikifuliwa, unazipunguza kwa mkasi, kisha zinatulia.

Saa sita akafungua kile cha kichwani, akajifuta shingo na viganja. Kilikuwa kimepauka, laini kama kitambaa cha kumbebea mtoto. Akakikung'uta, akakitandaza gotini, nikaviona: vibuyu sita, buluu yake imebaki kivuli, kila kimoja bado kinahesabika. Dua hii haitundikwi ukutani ikatazamwa. Hutiwa jasho kila siku, ikafuliwa, ikaanikwa, ikarudi kichwani kwa mwenyewe asubuhi inayofuata.